Kutoka Mbweni Hadi Kigomasha

Aghlabu ya waendao Unguja kutembea hurudi na habari za milango ya Mji Mkongwe, mchanga wa Nungwi na vyakula vya Forodhani. Sina ugomvi nao, kwa kuwa vitu hivyo ni vizuri na vinastahili kusifiwa. Walakini mimi nilikwenda kwa shauku nyingine. Nilikuwa nimesikia kwa muda mrefu mabishano juu ya utalii wa mazingira, mmoja akiusifu kuwa ni dawa ya umaskini wa pwani, mwingine akiulaani kuwa ni hila ya kumwondoa mvuvi baharini kwa maneno laini. Na kwa kuwa kusikia si kuona, niliazimu kuzizuru hifadhi za visiwa hivyo, nizitazame kwa jicho la mtu asiye na hisa katika biashara wala cheo katika idara. Ilikuwa majira ya kipupwe, mvua za masika zimekwisha, kusi imeshika zamu yake, na huko Pemba karafuu zimeanza kuchumwa.

Mbweni

Safari ya Chumbe huanzia Mbweni, kusini ya mji, mahali penye kivuli kingi na kimya kingi. Hapo pana magofu ya skuli ya wasichana waliokombolewa katika utumwa, iliyojengwa na wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1870, na jirani yake ipo nyumba aliyokuwa akistarehe John Kirk, tabibu aliyegeuka balozi, ambaye mkono wake ulikuwamo katika mkataba wa 1873 uliomlazimisha Sayyid Barghash kulifunga soko la watumwa. Bwana huyu alikuwa na uraibu wa mimea. Alipanda katika bustani yake miti ya kila asili, na kila kiumbe kigeni kilichomfikia alikipeleka kwa wataalamu wa kwao wakipe jina. Msomaji na alishike jina la Kirk, maana tutakutana nalo tena msituni.

Nilipokuwa nikingoja chombo nilikunywa chai ya tangawizi na kula mkate wa kumimina. Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi ya ukorofi, lakini nahodha alikuwa kijana mtulivu, naye alituvusha pasipo kutulowesha sana.

Chumbe

Kisiwa cha Chumbe ni jiwe la matumbawe lililovikwa msitu, eneo lake halitimii hekta 25, na hakina kisima wala chemchemi. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, na karibu na mnara umo msikiti mdogo waliousalia walinzi wa taa wa zama zile, ambao nadhani walikuwa watu wenye subira kuliko sisi, kwani maisha yao yote yalikuwa kuwasha, kuzima na kungoja. Upande wa magharibi uko mwamba uliokifanya kisiwa hiki kijulikane duniani. Mwamba huo ulisalimika kwa bahati kabla haujasalimika kwa sheria: upo kando ya njia ya meli, ambapo vyombo vidogo vilikatazwa kusimama, na pwani inayoukabili ilikuwa eneo la jeshi, basi wavuvi hawakuuzoea. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1990 mwanamke wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, aliuona, akashika njia ndefu ya vibali kutoka idara moja hadi nyingine, hata mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba kuwa hifadhi, na mwaka uliofuata msitu nao ukaingizwa katika ulinzi. Kampuni aliyoiasisi ndiyo iliyokabidhiwa dhamana ya kuutunza, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa nadra popote, yaani hifadhi ya bahari kusimamiwa na watu binafsi na kujilisha kwa fedha za wageni wake.

Nimeyasimulia hayo ili msomaji aelewe kwa nini nyumba za wageni hapa ni 7 tu. Mahali pasipo maji, paa ndilo kisima. Kila nyumba ina paa pana la makuti lililoinama kama limenuia kuipokea mvua ya masika. Maji hushuka, huchujwa kwa mchanga na kokoto, kisha huhifadhiwa katika birika iliyo chini ya sakafu, na mgeni atakaye kuoga huyapandisha kwa pampu ya mkono. Umeme ni wa jua. Choo hakina maji hata tone: mtu akimaliza haja yake huchota mchanganyiko mkavu uliowekwa kando, akaumwaga, na vilivyomo hugeuka mbolea kwa wakati wake. Maji ya kuogea, yenye sabuni, hayaendi baharini, bali hupitishwa katika kitalu cha mimea inayokunywa uchafu wake, kwa sababu matumbawe hudhurika upesi yakifikiwa na maji machafu. Nilivyoelewa mimi, hesabu ya wageni haikutoka katika tamaa ya mwenye mali. Ilitoka katika upana wa mapaa na uwezo wa udongo. Nimewaona wapangaji wengi wa mahoteli wakianza na idadi ya vitanda, kisha wakayatafuta maji kwa jirani. Hapa mambo yalipangwa kwa utaratibu wake wa haki.

Walinzi wa mwamba aghlabu walikuwa wavuvi, na hawabebi silaha. Akionekana mvuvi anakaribia mpaka, mlinzi humwendea kwa chombo, akamsalimu, akazungumza naye. Nilimuuliza mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, kama wenzake hawakumhesabu kuwa msaliti.

"Mwanzo walinitukana, bwana," alinijibu. "Walisema nimeuza bahari ya mababu. Lakini samaki hajui mpaka. Akizidi ndani hutoka nje, na wao wako nje wanamngoja. Siku hizi wananiuliza mimi kama maji ni mazuri."

Kesho yake asubuhi niliingia majini nimevaa miwani ya kuzamia. Sitajaribu kuyaeleza yote. Nitasema tu kwamba niliona chewa mkubwa amelala chini ya jiwe pasipo hofu, na pono wa rangi ya kijani wakiyatafuna matumbawe kwa sauti inayosikika masikioni mwa mwogeleaji, na kwamba mambo hayo sikuyaona popote pengine pwani yetu ambapo baruti au nyavu za kukokota zimepita. Aina za matumbawe magumu zilizotambuliwa pale ni kiasi cha 200, na za samaki ni zaidi ya 400. Hata hivyo ulinzi wa mpaka hauzuii joto: mwaka 1998, na tena mwaka 2016, bahari ilipopata moto kuliko desturi, matumbawe ya Chumbe nayo yalipauka kama ya kwingine.

Usiku, kwa kuwa nje hapawashwi taa, tulitembea kwa tochi kumtafuta kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa wote waishio nchi kavu. Tulimkuta karibu na jaa la jikoni, mwili wa zambarau iliyokoza, gando moja limekamata kifuu. Alitutazama kidogo, akaona hatuna faida, akaendelea na kazi yake.

Lawama yangu juu ya Chumbe ni moja. Bei ya kulala ni ya mtu wa Ulaya, na mwenyeji wa kawaida hawezi kuifikia. Kasoro hii wenyewe wanaijua, ndiyo sababu wanafunzi na walimu wa Zanzibar huletwa kwa maelfu tangu miaka ya mwisho ya 1990, pasipo kulipa, wakafundishwa kuogelea na kuutazama mwamba. Na niliambiwa kuwa wasichana wengi wa skuli, waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni, hapa ndipo walipotia uso majini kwa mara ya kwanza. Nami nasema ni afadhali mgeni tajiri alipie elimu ya mtoto wa Bwejuu kuliko watu mia waje kwa bei rahisi na kuukanyaga mwamba mpaka ufe.

Jozani

Kutoka mji hadi Jozani njia hupita chini ya miembe mikubwa, halafu ghafla hewa hubadilika, ikawa baridi na nzito, na mtu hujua kuwa ameingia msitu wenye maji chini ya ardhi. Mitondoo hushikana na michikichi, na mikadi husimama juu ya mizizi yake kana kwamba inaogopa kutia miguu katika tope. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, nayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi.

Mwenye nyumba hapa ni kima punju. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la Kirk, yule bwana wa Mbweni. Lakini wakulima walimjua kabla ya Kirk kuzaliwa, na hawakumpenda, maana ilisemwa kuwa mti alioula hufa na mbwa aliyekula nyama yake hunyonyoka manyoya. Ana mgongo mwekundu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe zilizosimama, na mkono usio na kidole gumba. Hapatikani popote duniani ila kisiwani Unguja na mahali pachache alipohamishiwa, pamoja na Pemba.

Nilimwona mmoja, jike lenye mtoto kifuani, akishuka penye tanuri la makaa lililokwisha kuzimika pembezoni mwa shamba. Alichagua kipande, akakigeuza, akakitupa. Akachagua kingine, akarukia mwembe, na hapo juu akakitafuna kwa utulivu kama mtoto atafunavyo muwa, huku vumbi jeusi likimdondokea mwanawe kichwani. Majani ya mwembe na ya mkungu ambayo kima hawa huyala mashambani yana dawa kali ndani yake, na wanyama hawa wamejifunza kuwa makaa huyafyonza makali hayo tumboni. Ni maarifa ambayo mama humrithisha mwana, na ni kiumbe kipi kingine cha mwituni kinachokwenda kuiba dawa katika tanuri la binadamu?

Njia kuu ya kwendea Paje na Makunduchi inapita katikati ya makazi yao, na zamani magari yaliwaua wengi. Yalipowekwa matuta barabarani, vifo vikapungua sana. Naitaja habari hii kwa kuwa katika mipango mikubwa yenye vitabu vinene watu husahau kuwa pengine tadbiri bora ni vifungu vinne vya lami vilivyoinuliwa.

Jambo lililonileta Jozani hasa lilikuwa fedha. Sehemu ya viingilio vya wageni hutengwa kwa ajili ya maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na sehemu kwa wakulima ambao mazao yao yameliwa. Niliketi barazani kwa bibi mmoja mwenye shamba linalopakana na msitu, akanikaribisha wali na mchuzi wa pweza wa nazi, na tulipokwisha kunawa nikamwuliza kama malipo yanatosha.

Alicheka. "Mwanangu, kima hawa wanakula kwangu, wanalala kwa serikali. Zamani nilikuwa nikilia peke yangu. Sasa nalia, na nikimaliza kulia napewa kidogo."

Kauli yake naiona kuwa ndiyo insafu ya jambo lote. Kidogo kile hakilingani na hasara, na wapangaji wasijidanganye. Lakini kile kidogo ndicho kilichomfanya asimtegee kima mtego, na ndicho kilichomfanya aone kuwa mgeni apitaye na picha yake ana deni kwake. Kuna wageni wengine ambao hawana haya, humsogelea mnyama hata wakataka kumshika, na niliwaona viongozi wa msitu wakiwarudisha nyuma kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao.

Paa nunga sikumwona, wala chui wa Unguja, ambaye wengi wanamhesabu kuwa ametoweka kwa sababu ya misako iliyofuata Mapinduzi ya 1964, alipodhaniwa kuwa ni mfugo wa wachawi. Ukiwauliza wazee wa hapo juu yake huteremsha sauti.

Pete

Kijiji cha Pete ni jirani, na hapo nilipita tu. Daraja la mbao linaingia ndani ya mikoko, na kwa kuwa maji yalikuwa yametoka niliweza kuona mizizi ya mkoko iliyopindika, na mkandaa, na mui, na kaa wadogo wekundu wakikimbilia mashimoni. Mapato ya daraja hilo yana fungu la kijiji. Nilipotoka nilinunua dafu kwa kijana aliyekuwa akisoma kitabu cha Kidachi chini ya mti, nikaendelea na safari yangu.

Misali

Pemba inatenganishwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu mno, na aliyevuka kwenda Mkoani wakati wa kusi hahitaji kuelezwa. Kutoka Chake Chake nilishuka Wesha, ambako mashua za mashine huondokea kwenda Misali.

Kisiwa hiki hakina mkaazi wa kudumu, lakini hakikosi watu. Wavuvi kutoka vijiji vingi vya Pemba hupiga dago humo, hulala siku kadhaa, huanika samaki, kisha hurudi kwao. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale, akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Waliposema hawana, akawaambia kuwa kisiwa chenyewe kitamtosha, kwa kuwa kimeelekea kibla. Wapo pia wasimulizi wa mharamia Kidd na hazina aliyoizika, lakini hao, kwa uchunguzi wangu, huwapa wageni habari waitakayo.

Zamani kidogo ilikuwa kisiwa kikodishwe kwa mwenye hoteli. Wavuvi walikataa, watu wa mazingira wakawaunga mkono, na mwaka 1998 serikali ikakitangaza kuwa eneo la hifadhi, baadaye kikaingizwa katika hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba. Sehemu moja ya mwamba imefungwa kabisa, sehemu iliyosalia wavuvi wanaendelea kuvua kwa zana halali, hoteli haipo, mgeni huja asubuhi, hulipa kiingilio, na huondoka jioni. Nimepima sana mpango huu, na ninauona kuwa na busara kuliko wa Chumbe kwa mahali ambapo watu walikwisha kuwamo. Chumbe ilikuwa tupu, ikawezekana kufungwa. Misali ilikuwa nyumba ya watu, na mpango wowote ambao ungeanza kwa kuwatoa ungewarudisha usiku na baruti.

Habari ya baruti ina kisa chake. Sheria ilikuwapo na doria ilikuwapo, walakini ulipuaji haukukoma, mpaka ilipopatikana fikra ya kuzungumza na wavuvi kwa lugha ya dini yao. Kuanzia mwaka 1999 jumuiya ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilifanya mafunzo pamoja na masheikh, walimu wa madrasa na wavuvi, juu ya ukhalifa wa binadamu katika ardhi na juu ya haramu ya israfu. Nilimkuta mvuvi mmoja dagoni, akishona mshipi, na muhogo wake ukitokota pembeni.

"Serikali tulikuwa tukiikimbia, maalim," alisema, "na kila mwenye mashua nzuri huikimbia. Lakini tulipoambiwa kuwa tunaharibu amana, basi. Mwenye amana yake utamkimbia wende wapi?"

Sidai kuwa tangu siku ile hapana mkosaji hata mmoja. Nadai tu kwamba mpango wa hifadhi usiposemwa kwa maneno ambayo mtu huyatumia anapokuwa peke yake na nafsi yake, utabaki kuwa karatasi ya ofisini. Tulikula muhogo kwa tasi wa kuchoma, aliyeungwa kwa ndimu na pilipili, ufukweni mwa Bao la Mtende, na sijapata kula chakula kilichonituliza zaidi.

Kidike

Baina ya Chake Chake na Wete harufu ya karafuu haimwachi mtu. Zimeanikwa juu ya majamvi kando ya njia, na magari huzikwepa kwa adabu. Mwaka 1872 tufani iliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki na mashamba yake, na tangu hapo ikaushika utajiri huo. Lakini bei ya utajiri ilikuwa msitu, maana karibu wote ulikatwa. Waliopata taabu kubwa ni popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana penginepo, mwenye mbawa zinazotanda mita moja na nusu na ushei. Watu walimla pia, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 akakaribia kwisha. Kidike wanakijiji walifanya jumuiya ya kuwalinda na kuwatoza wageni ada ndogo, vijiji vingine vikafuata, na leo popo hao wamepindukia 20,000. Nilisimama chini ya miti yao adhuhuri, wakining'inia kwa mamia, wakigombana, wakijipepea kwa mbawa za rangi ya chai. Kijana aliyenipeleka alisema babu yake bado anawatazama kwa njaa, lakini hathubutu.

Ngezi

Mwisho wa safari ulikuwa Ngezi, kaskazini magharibi, mabaki ya msitu ule uliofunika Pemba kabla ya karafuu. Humo mna mivule mirefu, na mna mpapindi, mnazi wa porini usioota pengine ila huku. Kitabu cha wageni nilichotia saini kilikuwa na majina machache mno kwa mwezi mzima. Na hilo nalo ni tatizo, kwa kuwa msitu usiomfaa jirani chochote hutazamwa kama kuni zilizochelewa kukatwa. Kutoka msituni njia hutokea Vumawimbi, ufuko mrefu mweupe usio na jengo, halafu hufika ras ya Kigomasha, penye mnara wa chuma wa taa uliosimamishwa mwaka 1900. Nilipanda ngazi zake, nikaona msitu wote, na bahari pande zote.

Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2023 walipindukia 600,000, na katika miaka hii ya karibuni serikali imeanza kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Sipingi ukodishaji, Chumbe nayo ilikodishwa. Ninaloomba kwa wenye mamlaka ni kwamba mkataba usitiwe saini kabla mambo haya hayajaandikwa ndani yake kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma: maji yatatoka wapi na uchafu utakwenda wapi, wageni wasizidi wangapi kwa siku, wavuvi waliokuwa wakipiga dago watabaki na haki gani, na vijiji vya jirani vitapata fungu gani la mapato, nalo lisomwe hadharani kila mwaka. Na wavuvi waitwe kuujadili kabla mwekezaji hajaoneshwa ramani.

Nawe msomaji, ukipata nafasi ya kwenda, nenda Ngezi. Jozani haina upungufu wa wageni.